Msiba tumeukalia masaa mawili kwenye maegesho, kumbe yeye yuko bethdei BEGA KWA BEGA!

Msafiri wa Pangani (19 Novemba 2020, saa 5 usiku, saa za California)

Wakuu, nimetoka kazini sasa hivi. Sijala, sijavua hata viatu, naandika nikiwa nimesimama jikoni. Mods naomba msiuhamishe uzi huu kwenda jukwaa la mapishi.

Ninayemsema mnamjua, jina lake silitaji, litanichafulia simu. Yule bwana mkubwa, gavana wa jimbo letu, mwenye nywele zilizolala nyuma kama zimepigwa pasi na kutiwa wanga. Leo katoa amri mpya ya korona: kuanzia keshokutwa Jumamosi, saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, hakuna kutoka wala kukusanyika bila sababu ya lazima, mwezi mzima, kwenye kaunti zote za rangi ya zambarau, yaani zile zenye maambukizi mengi zaidi. Kaunti 41 kati ya 58! Asilimia 94 ya watu wa California!

Nisikilizeni vizuri hapa. Sina ugomvi na amri. Nafanya kazi nyumba ya wazee, zamu ya jioni. Nimewashika mkono wazee wawili wakikata roho huku watoto wao wamesimama nje ya dirisha kwenye maua, wanapunga. Jimbo limevuka wagonjwa milioni moja wiki iliyopita na baridi ndiyo kwanza inaanza. Tufungiwe tu. Mie ningefunga saa kumi na mbili jioni.

Ugomvi wangu ni PICHA ILE.

Jumanne usiku nimeketi kitandani, simu ikalia, shemeji katuma picha bila neno hata moja. Naifungua. Meza ndefu, glasi za mvinyo, watu wameshonana kama dagaa wa kukaanga, na yeye huyo hapo katikati ya mambo. Bega kwa bega. Nikaikuza ile picha mpaka simu ikapata moto, natafuta barakoa. Sikuiona. Hata kidevuni! Hata ile ya kuning'iniza sikio moja kama hereni!

Sasa niwaambie kwa nini aliyeituma ni shemeji.

Mwezi wa kumi shemeji kafiwa na mama yake, Tanga. Ndege hakuna namna, kibali cha kazi kinasuasua, akabaki huku. Sisi watu wa Pwani, mtu akifiwa tunakwenda kukaa. Unalala kwenye jamvi, unapika uji, unamshika. Lakini ndiyo kwanza jimbo lilikuwa limetoa mwongozo, tarehe 9 Oktoba: mwisho kaya tatu, mkutane nje, msizidi masaa mawili, na kuimba ni bora msiimbe. Tukatii! Tukapanga viti vya plastiki kwenye maegesho ya magari ya fleti, tukapima nafasi kwa mpini wa fagio. Kaya tatu. Watu wengine wakabaki ndani ya magari yao wamefungua vioo, wanaitikia dua kutoka kwenye usukani. Shemeji analia katikati, hakuna wa kumkumbatia. Yalipotimia masaa mawili, mimi, MIMI mwenyewe, ndiye niliyesimama nikasema jamani muda umeisha.

Mmeona wapi matanga yana saa ya kufunga? Hata benki inakungoja umalize foleni!

Na yeye tarehe 6 Novemba yuko Yountville, kule Napa, mgahawa wa nyota tatu za Michelin, daraja la juu kabisa, anasherehekea miaka 50 ya rafiki yake mshauri wa siasa. Watu wasiopungua kumi na wawili. Kaya ngapi hizo? Kichwa kimoja si chini ya dola 350. Kima cha chini cha mshahara kwa kampuni kubwa hapa mwaka huu ni dola 13 kwa saa. Pigeni hesabu: karibu saa 27 za kugeuza wazee kitandani, kabla ya kodi, ili ule chakula ambacho ukipiga chafya kinatoka sahanini.

Jumatatu akaomba radhi. Kasema alipofika akaona watu wamezidi aliotarajia, ilimpasa ageuke, apande gari, arudi nyumbani. Ilimpasa! Sisi shemeji yetu alipolia ilitupasa tumkumbatie. Hatukumkumbatia. Walisema pia walikuwa nje. Halafu Jumanne picha zinatoka, nje gani hiyo yenye dari na kuta? Mama aliyezipiga anasema walipiga kelele mpaka milango ya vioo ikavutwa ikafungwa. MILANGO IKAFUNGWA. Hewa ya nje yenyewe ikaambiwa bethdei hii hukualikwa.

Na jana ndiyo imetoka kwamba mezani walikuwepo wakubwa wa chama cha madaktari cha jimbo. Madaktari! Mie mpangusa mate nimekaa kwenye kiti cha plastiki, wakubwa wa madaktari wako bega kwa bega!

Halafu mkumbuke, mwezi huo huo wa kumi ofisi yake iliandika mtandaoni kwamba ukienda kula nje na watu wa nyumbani kwako, urudishe barakoa kati ya tonge na tonge. Mimi nilijaribu, Wallahi. Kwa ugali na bamia. Tonge, pandisha. Tonge, shusha. Mlenda ulifika sikioni. Nikasema sawa, kiongozi kasema, kuna sababu. Kumbe mwenyewe anatafuna mfululizo kama mashine ya kusaga!

Siwezi kulala. Nikifumba macho naiona ile meza.

---

Kandambili: Nimekaa pale siti ya mbele. Karanga zipite huku.

Binti Sayari: Pole sana kaka kwa msiba, na shemeji mpe pole yetu. Mimi niko San Diego, tulifanya arobaini ya baba kwa simu, imamu akakatika mara tatu kwa sababu ya mtandao. Nimelia kusoma hapo kwenye magari.

Fundi Saa: Uzi bila picha ni majungu.

Msafiri wa Pangani: Fundi Saa, picha imeonyeshwa kwenye televisheni! Dunia nzima wameiona! Unataka niichore?

Fundi Saa: Ndiyo.

Kahawa Chungu: Huo mgahawa jina lake si French Laundry? Yaani Dobi la Kifaransa. Mtu kaenda zake dobi kufuliwa suti, mnamwandama.

Kandambili: 😂😂😂 Kafuliwa kweli, na kaanikwa.

Mzee Kikombe: Poleni sana huko majuu. Sisi huku Dar wagonjwa 509, tumefunga hesabu, maisha yanaendelea. Jumamosi iliyopita nimehudhuria harusi mbili na kitchen party. Watu mia nne ukumbini. Mnateseka nini? Pigeni nyungu, mjifukize mvuke.

Binti Sayari: Mzee wangu shikamoo, lakini 509 ni namba ya tangu Mei, haijahesabiwa nyingine tena. Kutohesabu si kupona.

Mzee Kikombe: Marahaba binti. Wewe una nyungu huko au huna?

Mwana wa Kisauni: Msafiri, wewe waanza kafyu Jumamosi na ushafungua uzi? Sisi Kenya tuko nayo tangu tarehe 27 mwezi wa tatu! Na siku ile ya kwanza pale feri ya Likoni, kabla hata saa moja ya usiku haijafika, watu wametoka kazini wapanga foleni wavuke, polisi wakatutandika virungu na gesi ya machozi juu. Eti tusikaribiane, na wao ndio waliotusukuma pamoja! Mamangu mdogo alipoteza kiatu kimoja na samaki wote. Kisha waheshimiwa wakazunguka na mikutano ya hadhara mwezi mzima wa kumi, uwanja umejaa pomoni. Maradhi yalipopanda ndio ikaja amri ya juzi tarehe 4, mikutano ya siasa marufuku siku 60. Walishamaliza kuhutubia! Wewe shemeji yako alilia kwenye kiti, sisi twalizwa na kirungu.

Msafiri wa Pangani: Kaka wa Kisauni pole, nakubali, virungu ni vibaya. Ila huyo wenu hakukwambia uvae barakoa kati ya tonge na tonge. Mimi linaloniuma ni ile meza. Ile meza wakuu.

Ngoma ya Jirani: Mmeanza mashindano ya kuteswa, na mimi nijiandikishe. Niko England, tuko kifungoni mara ya pili tangu tarehe 5. Ile mara ya kwanza, mshauri mkubwa wa waziri mkuu, wakati sisi hata mazishini tunahesabiwa watu, alipakia mke na mtoto kwenye gari, akaenda mji wa Barnard Castle. Alipoulizwa akasema alikuwa anajaribu kama macho yake yanaona vizuri. KWA KUENDESHA GARI. Na mtoto kiti cha nyuma! Wiki iliyopita ndiyo kaondoka kazini, tena kwa ugomvi mwingine kabisa.

Kandambili: Huyo kashinda. Msafiri, rudisha kombe.

Mama Furaha wa Bukavu: Ndugu zangu, miye niko Texas, Dallas. Nyiye munalilia picha ya meza? Kule El Paso maiti zinajaa mpaka banaleta magari ya baridi, na banaobeba maiti ni bafungwa ba jela, banalipwa dola 2 kwa saa. Mbili! Mkubwa wa kaunti alipofunga maduka ili batu bapumue, wakubwa ba jimbo bakamupeleka kotini, koti ikasema afungue. Wenu alikula, lakini alifunga. Wetu anamushitaki mwenye kufunga.

Binti Sayari: Dola mbili? Mungu wangu.

Kahawa Chungu: Mimi South Dakota. Barakoa, jimbo huku halijawahi kuilazimisha hata siku moja. Agosti walikuja watu wa pikipiki Sturgis, magari na pikipiki zaidi ya laki nne, siku kumi. Sasa hivi hospitali tunapishana kwenye milango. Leteni huyo wenu mwenye nywele, tutampikia wenyewe.

Msafiri wa Pangani: Hamnielewi! Asiyeamuru chochote hajanidanganya. Huyu kanifanya MIMI nisimame nimwambie mfiwa muda umeisha! Nilitazama saa mbele ya mtu anayelia!

Fundi Saa: Kwani alikushika mkono ukatazama saa? Ungenyamaza wakakaa matatu, nani angejua? Umejipendekeza mwenyewe, sasa unamwaga povu humu.

Msafiri wa Pangani: Nafanya kazi na wazee wa miaka 90, ningewapelekea nini kesho yake?

Fundi Saa: Ungewapelekea pole.

Binti Sayari: Fundi Saa acha ukatili, mtu kafiwa. Halafu mnajua na wabunge wa jimbo hilo hilo wiki hii wako Maui, Hawaii? Kongamano, eti. Serikali imetuomba tusisafiri, wao wako ufukweni na beji shingoni.

Kandambili: Hawaii wana nazi. Hapo siwalaumu.

Dafu Tamu: Samahani kuingilia. Kwa kuwa mko wengi wa California humu: Sikukuu ya Shukrani ni wiki ijayo, bata mzinga mimi simwezi, nyama kama godoro. Nani anajua mbuzi anapatikana wapi karibu na Oakland?

Mwana wa Kisauni: Bata mzinga si nyama, ni adhabu.

Kahawa Chungu: Dafu, kuna mkulima njia ya kwenda Stockton, unachagua mwenyewe, anachinjwa halali unasimama hapo. Mwaka jana nilipokuja nilimchukua kwa dola 230. Beba ndoo.

Dafu Tamu: 230 mzima? Na kichwa?

Kahawa Chungu: Kichwa na miguu unapewa. Matumbo Wazungu wanatupa, sema mapema.

Mama Furaha wa Bukavu: Banatupa matumbo!!

Mzee Kikombe: Hilo ndilo janga lenyewe sasa.

Msafiri wa Pangani: Wakuu, uzi ni wa picha ya ile meza. Mbuzi fungulieni uzi wake.

Dafu Tamu: Samahani mkuu. Ila kaya tatu tukichanga mbuzi mmoja anatosha?

Msafiri wa Pangani: Kaya tatu, mkae nje, msizidi masaa mawili. Mmoja anatosha.

Mwana wa Kisauni: Kwa pilau au kwa kuchoma? Ukisema pilau mmoja watosha. Ukisema kuchoma, masaa mawili hata mkaa haujashika.

Ngoma ya Jirani: Pilau ya mbuzi bila mifupa ni wali wa hotelini, msikate vipande vidogo kama vya supu.

Kahawa Chungu: Wa Pwani mmeanza. Mbuzi ni wa kuchoma, chumvi tu, basi.

(Ukurasa wa 4)

Binti Sayari (1 Desemba 2020): Jamani naufukua uzi huu. Imetoka leo: usiku uliofuata tu baada ya yule bwana, tarehe 7, meya wa San Francisco naye alikuwa mgahawa huo huo! Bethdei ya mtu mwingine aliyetimiza miaka 60, meza ya watu wanane! Msafiri uko wapi, njoo uone!

Msafiri wa Pangani: HAPO HAPO? Meza ile ile? Ngoja nifike nyumbani, niko zamu. Leo tumepata wagonjwa watatu wapya.

Dafu Tamu: Poleni na kazi. Kahawa Chungu, yule mzee wa Stockton hapokei simu tangu Ijumaa, una namba nyingine? Nataka wawili wa Krismasi, na matumbo yao.