Mwanamke aliyepigwa alazimishwe kupita baraza la usuluhishi kwanza?

Wakuu, naleta mjadala. Kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 101, huombi talaka mahakamani kabla ya kupita baraza la usuluhishi. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, na bila hati shauri lako ni bure. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo mzima wa shauri, watu wameshasikilizwa mpaka juu, kisa hati haikuwa halali.

Mimi nasema penye kipigo sharti hili liondolewe, na liondolewe kwa maandishi.

Nilimsindikiza binamu yangu kwenye baraza moja. Barua ya wito alipewa yeye mwenyewe ampelekee mume, yuleyule aliyemkimbia. Siku ya kikao wakakalishwa benchi moja. Mzee mmoja akamuuliza, "Sasa wewe ulimjibu nini mpaka akapandisha hasira?" Kifungu cha 66 cha sheria hiyohiyo kinasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake. Pale hakikutajwa. Kikao kikaahirishwa, wakaambiwa "wakajaribu tena".

Najua mtaniambia kifungu cha 101 kina milango ya kutokea: mwenzi aliyekutelekeza na hujui alipo, au mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya kwenda barazani kusiwezekane. Sawa. Lakini anayeamua kama mazingira si ya kawaida ni mahakama, na mama asiye na wakili hajui hata kama anaruhusiwa kuomba. Atakachoambiwa mapokezi ni kimoja tu: lete hati.

Wanaolitetea baraza wana hoja, siwabezi. Ugomvi wa hela, wa mawifi, wa mume kuchelewa kurudi, wazee wanaumaliza vizuri tena kwa gharama ndogo. Huko libaki. Ila kipigo hakisuluhishwi kwa kupeana mikono, jamani.

Halafu watoto. Wengi wanakaa kimya juu ya matunzo mpaka talaka itoke, kumbe maombi ya matunzo au ya kukaa na mtoto yanapelekwa mahakama ya watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 hata kama ndoa bado ipo. Na akina baba mnaolalamika kwamba mahakama inawabeba wanawake: kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinachukulia kwamba aliye chini ya miaka saba akae na mama, ila dhana hiyo inapingika kwa ushahidi, na mahakama inatazama pia madhara ya kumhamisha mtoto alikozoea. Kwa hiyo hizo miezi za kuzungushwa barazani zinamfaidi aliyebaki na watoto nyumbani, na mara nyingi aliyekimbia ndiye aliyepigwa.

Pendekezo langu: PF3 (fomu ya polisi ya aliyeumizwa) au taarifa ya daktari itoshe badala ya hati. Wanaosema watu watatunga vipigo ili wakwepe baraza, karibuni. Nani anazichunguza hati za sasa?