Naomba ushauri: siku mbili za Nizwa kwa wanafunzi wasio na gari

Binti wa Wete
Assalaam aleikum. Mimi ni Mpemba, nipo Maskati kwa masomo ya mwaka mmoja, na mpaka leo sijatoka nje ya mji huu isipokuwa kwenda pwani na wenzangu wa dakhalia. Mwisho wa wiki ijayo, ambao huku ni Ijumaa na Jumamosi, mimi na mwenzangu wa Unguja tumekusudia kwenda Nizwa, mji ambao marehemu babu akiutaja kila alipozungumzia asili ya wazee wake. Pesa zetu ni za kuhesabu, na mwenzangu ameshaandika orodha ya sehemu saba, zikiwemo ngome za Bahla na Jabrin na mlima wa Jabal Akhdar. Nikiitazama orodha hiyo naona siku zote mbili zitaishia njiani. Naomba mliowahi kuishi huku mtueleze tuondoke lini, tuanzie wapi na tuache kipi.

Mkaazi wa Malindi
Wa aleikum salaam, mwanangu. Niliishi huko miaka kumi na moja kabla ya kurudi Unguja. Msiondoke Ijumaa asubuhi. Ondokeni Alhamisi mkalale Nizwa. Mnada wa mbuzi hufanyika Ijumaa mapema karibu na ngome, na jua likishapanda watu hutawanyika, kwa hivyo anayetoka Maskati baada ya chai hukuta mavi na vipande vya kamba. Wanunuzi husimama duara, wauzaji wakawazungusha mbuzi mbele yao huku wakitaja bei kwa sauti, na aliyependezwa humsimamisha mmoja, akamfungua mdomo kutazama meno, akampapasa mgongo, kisha akamwachia kana kwamba hamtaki. Hapo ndipo bei huanza kushuka.

Mkitoka mnadani ingieni ngomeni moja kwa moja, kwani siku ya Ijumaa ratiba yake hukatwa na sala. Mnara ule mnene ulijengwa katikati ya karne ya 17 na Imamu Sultan bin Seif wa ukoo wa Yaarubi, aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Ni katika zama za mwanawe, Seif bin Sultan, ndipo Waomani walipoiteka Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1698. Msiupande mbio. Ngazi zake zimepindwa makusudi, kila pindo lina mlango, na juu ya mlango pana tundu la kummwagia adui asali ya tende iliyochemka. Iulizieni ghala ya tende, ambayo sakafu yake ina mifereji: makanda yalirundikwa juu yake, uzito wao wenyewe ukaikamua asali, nayo ikatiririka hadi mitungini. Miaka yote nilikuwa nikilalamika kuwa tende za makanda zinanata, na sikujua kuwa huo mnato ulikuwa silaha.

Bi Mkunazini
Kuhusu mnada nakubaliana naye kabisa, ila mimi nisingependa mabinti wawili wafike usiku katika mji wasioujua. Pandeni basi la mchana, na mpange pa kulala kabla hamjaondoka. Mkilikosa basi, zipo teksi za kuchangia penye mzunguko wa Burj al-Sahwa. Pataneni nauli kabla ya kupanda na mkae pamoja kiti cha nyuma. Safari yenyewe si ndefu, kwani kwa teksi haizidi sana saa moja na nusu.

Jabal Akhdar ifuteni bila majuto. Pale Birkat al-Mawz kuna kizuizi cha polisi ambacho gari isiyovuta magurudumu yote manne haipiti, na kuikodi gari ya aina hiyo kutakula pesa za safari nzima. Baina ya Bahla na Jabrin ningechagua Jabrin, ingawa najua ngome ya Bahla ndiyo iliyomo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1987. Bahla utastaajabia ukubwa wa kuta. Jabrin utalazimika kuinua shingo kutazama dari zilizochorwa maua, chumba baada ya chumba. Jioni ya Ijumaa nendeni Falaj Daris, mfereji wa maji wa kale, mkatie miguu majini, maana baada ya ngazi zile mtaihitaji. Na msistuke mkiitikiwa kwa Kiswahili na wazee sokoni, kwa kuwa wengi waliozaliwa kwetu walirejea Omani, hasa baada ya 1970.

Binti wa Wete
Nawashukuru sana. Alhamisi kipindi chetu cha mwisho humalizika saa tano, kwa hivyo basi la mchana tutaliwahi. Mwenzangu amekubali kuifuta Jabal Akhdar, ila Bahla bado tunabishana. Mama naye ameagiza haluwa. Je, tuinunue siku tutakayofika?

Mkaazi wa Malindi
Hapana, inunueni Jumamosi mnaporudi, msije mkaibeba siku mbili juani. Ombeni kuonja kwanza, wala msione haya, kwani muuzaji mwenyewe ndiye atakayewapa kijiko pamoja na kikombe cha kahawa. Mkishatosheka, kitikiseni kikombe, la sivyo ataendelea kukijaza.