Mrejesho: Yule mwongozaji aliyekuwa akinikata mistari

Habari zenu. Mwezi uliopita niliwauliza kama niache mchezo, kwa sababu mwongozaji wetu hapa Kampala alikuwa akinikata mistari kila wiki na kuniita "wewe wa chai" mbele ya wenzangu. Nacheza mama mkwe, kurasa 4 tu kwenye muswada mzima.

Sikuacha. Nilimsikiliza aliyesema nisimjibu jukwaani. Nikamvizia mwongozaji baada ya mazoezi, kando ya barabara, akingoja rolex yake (chapati ya mayai) ikunjwe, hana pa kukimbilia. "Mzee, ukitaka kunikata, niite pembeni." Akapokea, akatafuna kwanza. "Binti, ukiingia wewe, watu wanaacha kumtazama bibi harusi."

Hiyo ni sifa au tusi? Mpaka leo sijui. Nikamkumbusha kwamba Lupita Nyong'o alichukua Oscar mwaka 2014 kwa nafasi ya mwigizaji msaidizi. Akacheka, akasema Lupita hakuwa akichelewa mazoezini. (Hapo alinipata. Foleni ya Jinja Road mnaijua.)

Jumamosi nilirudishiwa mistari 3, ile ya kikapu cha matooke. Nilitua kikapu, nikapangusa kiti kwa ncha ya kitenge polepole, nikamtazama bibi harusi. Ukumbi ukaangua kicheko kabla sijafungua mdomo. Mwongozaji alikuwa nyuma ya pazia, kakunja mikono, hakusema kitu.

"Wa chai" sijalisikia tena. Nauli ya wiki mbili bado namdai.