Tupeane uzoefu: mbu wa Kigoma, mtaani kwenu hali ikoje?

Mwana Gungu
Wadau, leo vijana wa afya wamepita kwetu na upawa wenye mpini mrefu, wanachota maji kwenye mashimo ya matofali na kuhesabu viluwiluwi vya mbu. Nimekumbuka mbali. Mliolelewa na malaria, semeni.

Mama Zuhura, Ujiji
Nimesoma mwili ukanisisimka. Masika ile mwanangu alishikwa na homa, zahanati wakasema vipimo vimeisha, mpe panadol urudi kesho. Baba yake yuko ziwani. Usiku degedege! Macho yamegeuka, meno yamekaza, mimi napiga kelele tu. Kijana wa jirani akatoa pikipiki, mvua hiyo, nimembana mtoto kifuani kwa kanga. Hospitali nesi akamfunua kiganja, kimekuwa cheupe kabisa. Damu imekwisha. Akachomwa sindano, wakatafuta damu. Waliotoa ni wavuvi waliokuja kumtazama mwenzao wodi ya pili, hata jina langu hawalijui. Alfajiri mtoto akaomba uji. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na shimo la matofali limejaa maji.

Kibirizi Damu
Pole mama. Kiganja kile nimekiona kwa mdogo wangu.

Fundi Tofali
Pole dada, ila sisi wafyatuaji tusisingiziwe kila kitu. Mbona mabonde ya mpunga Luiche hamyasemi? Nikifukia kila shimo watoto wangu wale nini?

Mwana Gungu
Fundi, shimo ulilomaliza kuchimba unaliachia nini?

Mhudumu wa Kijiji
Ndugu zangu, chota maji kwa bakuli jeupe utazame. Kiluwiluwi wa mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji. Wa mbu wa vyooni huning'inia kichwa chini. Anofelesi, yaani huyo mbu wa malaria, anapenda maji ya mvua yanayopigwa na jua, na kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 14. Ukimuua akiwa majini umemaliza kazi, kwani hawezi kukukimbia. Utafiti wa kitaifa wa 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza: watoto 24 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa na vimelea.

Bangwe
Mwageni oili chafu, basi.

Mama Zuhura, Ujiji
Oili kwenye maji wanayokunywa mbuzi? Hapana baba.

Kasulu Yetu
Kwetu walipulizia dawa ya ukoko, ile inayoganda ukutani. Mbu akishashiba anatua ukutani, anakufa. Ila kuna wanaopiga lipu siku mbili baadaye!

Mzee wa Mwanga
Chandarua kinatosha, vijana. Shida kinakwenda kuvulia dagaa.

Kibirizi Damu
Mzee, usitutukane wavuvi. Sisi usiku tuko majini, chandarua tunatundika wapi?

Mzee wa Mwanga
Sijakutaja wewe, mwanangu. Nimesema ninachokiona mwaloni.

Bi Mwarobaini
Fukizeni majani jioni, wanahama kwa jirani 😄

Mhudumu wa Kijiji
Bibi, moshi unawafukuza kwa muda tu. Mtoto akiwa na homa, kapimwe siku hiyo hiyo. Vipimo vikiisha, nenda kituo kingine usiku huo huo. Akipewa mseto, dawa ya malaria, amalize, hata kama amechangamka.

Katubuka
Ile dawa ya viluwiluwi ya kiwanda cha Kibaha, halmashauri inaigawa au tununue? Huku maji yamefika uani.