Kadi za QSL za kuthibitisha mawasiliano ya redio: karatasi au mtandaoni? Nna QSO (mawasiliano) 1,200 za kuthibitisha

Waya_Chwaka
Asalaam alaykum wakubwa. Mie nimeanza redio ya ridhaa (ham) mwaka jana tu, niko huku Chwaka, waya nimeufunga baina ya minazi miwili na logi (orodha ya niliowasiliana nao) imeshafika QSO 1,200, nyingi FT8, yaani za kompyuta, za sauti kama mia mbili hivi. Watu wa Ulaya na Japani wananiandikia wanataka uthibitisho, kwenye IOTA, ile tuzo ya visiwa, Unguja ni AF-032 na wengine bado hawajaipata. Sasa kuna jamaa wa mjini yuko tayari kunichapia kadi, ngalawa mbele, bei si mbaya, lakini rafiki yangu ananambia usitupe pesa, peleka kila kitu LoTW, ule mtandao wa kuthibitisha, ulale. Nyie mnafanyaje?

Fundi_Bububu
Waalaykum salaam. LoTW, basi. Ni ya ARRL, chama cha redio cha Marekani, ipo tangu 2003, kupandisha logi hulipi kitu, unalipa ukitaka kuombea tuzo tu. Wewe unapandisha yako, mwenzio anapandisha yake, zikikutana kwisha maneno. Kadi ya karatasi kwa FT8 mie naona kichekesho, mmepeana ripoti kwa vipande vya sekunde 15 kompyuta kwa kompyuta, halafu ukapange foleni ya stempu?

Maalim_Wete
Fundi wewe una haraka kama mtu wa daladala. Kadi ni kitu cha mkononi. Nna mabati mawili ya biskuti yamejaa, mjukuu wangu kajifunza ramani ya dunia kwa kadi zile. Halafu nyie vijana mnajua kwamba Zanzibar ilikuwa inahesabika peke yake kwenye DXCC, tuzo ya nchi ya ARRL? Muungano ulikuwa 1964 lakini wenyewe wakatuacha kwenye orodha hadi 31 Mei 1974, herufi zetu za wito VQ1, ndo tukafutwa tukahesabiwa Tanzania. Sasa mtu aliyezungumza na Unguja miaka ile, ushahidi wake ni kadi aliyoiweka kabatini. Hakukuwa na seva.

Fundi_Bububu
Maalim na mchwa je? Tusifichane.

Maalim_Wete
Bati la tatu walilila, kweli. 😅 Wallahi niliumwa.

Bint_Shangani
Nyote mko sawa na nyote mnamchanganya mtoto wa watu. Kaka, tenganisha mambo mawili, uthibitisho wa tuzo na zawadi. Kwa tuzo LoTW ndo inayokubalika DXCC, eQSL, mtandao mwengine wa kadi, haikubaliki huko hata uipambe vipi, japo jarida la CQ wanaikubali kwenye tuzo zao kama mhusika keshahakikiwa. Kwa hiyo anayekutumia eQSL mjibu kwa adabu lakini usiifanye ndo msingi wako. Karatasi iache kwa anayeiomba. Mie nimefungua ombi la kadi kwenye tovuti ya Club Log, anayeitaka anaomba hapo na kuchangia posta, nyingine siandiki. Zamani watu walikuwa wanatia dola kwenye bahasha, sasa dola na safari ndefu unajua wenyewe zinavoishia, mie nimepokea bahasha zimefunguliwa ubavuni kwa ustadi kama mshonaji.

Na usidanganywe kuwa mtandao haufi. Mei 2024 ARRL walivamiwa na wadukuzi, LoTW ikazimwa mpaka mwanzo wa Julai. Logi zilikuwa salama lakini wiki zote zile hakuna aliyethibitisha kitu. Nakala ya logi weka kwako, na nyingine kwa mtu mwengine.

Nahodha_Mkoani
Mie naongeza moja ambayo imenikera miezi. Ukivuka na redio kuja huku Pemba, kwenye TQSL, programu ya kusaini logi za LoTW, fungua stesheni nyengine kabla ya kupandisha! Huku ni AF-063 na gridi (mraba wa ramani) ni KI94, Unguja mjini KI93. Mie nilipandisha QSO zangu zote za Pemba na mahali pa Unguja, watu wamepata kisiwa ambacho sikuwepo, nikaja kuzisaini upya moja moja. Na kile cheti cha LoTW cha kusainia kina mwisho wake, miaka mitatu, andika tarehe ukutani. Kukipata pia sisi wa nje ya Marekani lazima upeleke nakala ya leseni na kitambulisho, usishangae ukaona siku zinapita.

Waya_Chwaka
Ahsanteni sana. Basi FT8 zote LoTW, sauti pia, na kadi 200 tu za kuombwa. Lakini nna swali, nimejaribu logi ndogo ya sauti jana na kati ya 40 zimekutana 11 tu. Wenzangu wanasema wamepandisha. Kwa nini?

Fundi_Bububu
Saa! LoTW inataka muda wenu usipishane zaidi ya dakika 30. FT8 kompyuta inaandika UTC (saa ya kimataifa) yenyewe, za sauti unaandika wewe kwa mkono. Kupata UTC, saa zetu za Kiswahili mchana ongeza 3, usiku ongeza 15, ikipita 24 toa 24. Saa 4 asubuhi ni 0700. Saa 2 usiku ni 1700.

Bint_Shangani
Na tarehe. Baada ya saa 6 usiku mpaka saa 9 huku ni kesho, UTC bado ni jana. Halafu kuna wazee, simtaji mtu, ukiwauliza wanakwambia tulizungumza usiku wa Ijumaa, kumbe Ijumaa yake imeanza Alhamisi magharibi.

Maalim_Wete
Umenitaja. Na ndo sahihi hivo, siku inaanza magharibi.

Waya_Chwaka
Maalim samahani, ile QSO yetu ya mita 40 haikukutana. Kwako umeandika ngapi?

Maalim_Wete
Daftari hili hapa. 1815.

Waya_Chwaka
Mie nimeandika 2115 😬

Maalim_Wete
Saa 3 na robo usiku, mwanangu. Saa ya ukutani umeiandika ilivyo. Rekebisha, nami leo nakutia kadi kwenye bahasha, nampa mtu wa boti.