Matenki ya zamani ya sheli yaliyofukiwa: uchunguzi wa udongo na maji uanzie wapi?

UdongoPwani
Habari wakuu. Kiwanja kiko Dar es Salaam, kilikuwa na sheli hadi mwisho wa miaka ya 1990. Chini yamebaki matenki matatu ya chuma, mawili ya petroli na moja la dizeli. Ramani ya mabomba haipo. Udongo ni mchanga, maji yako mita 4.5 chini, na jirani ana kisima cha mashine umbali wa mita 40. Bajeti ni mashimo sita. Je, matenki yakitolewa yakaonekana mazima, kuna haja ya kuendelea?

Kekee
Ipo, mkuu. Tenki zima halithibitishi kuwa udongo ni safi. Mafuta mengi huvujia kwenye maungio ya mabomba, chini ya pampu na kuzunguka mdomo wa kujazia, ambako kila gari lililoshusha mzigo lilimwaga kidogo. Anza na bomba la kutolea hewa kama bado limesimama, maana linaelekea kwenye tenki. Mita ya kwanza na kidogo chimba kwa mkono, na usitoboe kabisa juu ya matenki: tenki tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa.

Shimo moja liwe kwenye mdomo wa kujazia, moja zilipokuwa pampu, moja pembeni mwa matenki, mawili upande wa jirani, na moja upande wa pili mbali na yote, la kulinganishia. Kila nusu mita jaza udongo nusu ya mfuko wa zipu, funga, acha kivulini dakika 10, kisha ingiza ncha ya kipima-mvuke cha PID. Kwa dizeli kipimo hicho husoma chini kwa sababu haivukizi sana, kwa hiyo usikiamini peke yake. Maabara peleka sampuli iliyosoma juu zaidi na ile iliyo juu kidogo ya usawa wa maji. Usikoroge udongo wa kupimia benzini (kemikali ya sumu iliyomo kwenye petroli), itaruka yote.

MajiChini
Naongezea upande wa maji, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Geuza mashimo matatu kuwa visima vya uangalizi, yasiwe kwenye mstari mmoja, la sivyo hutajua maji yanaelekea wapi. Tumia PVC ya milimita 50 ya kufunga kwa nyuzi. Gundi ya mabomba ina vimumunyisho vitakavyoingia kwenye matokeo.

Sehemu yenye matundu ianze mita 3, iishie mita 6. Petroli ni nyepesi kuliko maji, inaelea. Matundu yakianzia mita 5.5, mafuta yatabaki nje ya bomba na wewe utaandika kuwa maji ni safi. Masika maji hupanda, kwa hiyo pima tena msimu ule. Juu ya mchanga wa kuchujia unaozunguka bomba weka bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kuziba) nusu mita au zaidi, kisha saruji, ili maji ya mvua yasishuke na uchafu wa juu.

Kabla ya sampuli toa maji mara tatu ya ujazo wa bomba. Bomba hilo hubeba takriban lita 2 kwa mita, hivyo mita 1.5 za maji ni lita 9 za kutoa. Chupa za mililita 40 zenye asidi, zisibaki na kiputo hata kimoja, ziwekwe kwenye barafu, zifike maabara zipimwe ndani ya siku 14. Madini ya risasi nayo yapimwe, kwani petroli ya miaka ile ilikuwa nayo.

UdongoPwani
Asanteni sana. Kisima cha jirani kisubiri matokeo?

MajiChini
Kisisubiri, hao wanakunywa leo. Chukua sampuli kwenye bomba la kisima kabla maji hayajaingia simtanki, maana humo benzini huvukiza na namba inashuka. Kikomo cha WHO cha benzini kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita, na pua hainusi mpaka kiwango kiwe kimepitwa mara nyingi, kwa hiyo “hayanuki” si jibu. Pima usawa wa visima vyako pampu yake ikiwa imezimwa, kisha ikivuta. Vikishuka, kisima hicho ndicho kinachoyavuta maji ya kiwanjani kwenu.