AC inapuliza baridi vizuri, ukienda mbali upepo unaisha. Ni gesi kweli au sensa?

Mpita Njia: Wakuu, heshima kwenu. Nina Toyota Allion ya 2004, injini ya 1NZ, AC ya kidijitali. Nikiwasha asubuhi inapuliza baridi safi kabisa. Kasheshe ni safari ndefu. Juzi natoka Dar kwenda Moro, nakaribia Chalinze upepo ukaanza kufifia. Feni naisikia inanguruma lakini kinachotoka ni kidogo mno. Nikazima AC nikaacha feni peke yake, baada ya muda upepo ukarudi. Niliposimama, maji yalikuwa yanamwagika chini ya gari kuliko kawaida.

Fundi wa kwanza kasema gesi imepungua, akajaza, hali ikabaki ile ile. Wa pili anasema kompresa (pampu ya gesi ya AC) imechoka, nitafute ya mtumba. Filta ya AC ni mpya. Kabla sijatoa hela nyingine, naombeni ushauri.

Mzee wa Spana: Usinunue kompresa. Iliyochoka haina nguvu ya kugandisha, na hapo evaporeta yako (kile kipoza hewa ndani ya dashibodi) inaganda barafu mpaka upepo unakosa pa kupita. Ukizima inayeyuka, ndiyo hayo maji. Kwenye mapezi ya evaporeta, vile vibati vyembamba, kuna kisensa kidogo cha waya mbili. Kinaiambia kompyuta ya AC ubaridi umefika wapi, na ukikaribia sifuri, kwenye nyuzi 3 hivi, klachi inayoiunganisha kompresa na injini inaachia. Swali: ukiwa safarini unaisikia ile "tak" ya klachi ikiachia na kushika?

Kobe Mwendo: Tusimkandie fundi wa kwanza bila ushahidi. Gesi ikipungua nayo inagandisha, ingawa mara nyingi barafu inaanzia upande ambao gesi inaingilia. Geji za presha ya gesi zilisomaje?

Mpita Njia: Geji alisema ziko sawa baada ya kujaza. Hiyo "tak" naisikia nikiwasha tu, baada ya hapo kimya.

Mzee wa Spana: Basi. Klachi isiyoachia na gesi iko sawa, anza na sensa.

Dada Voltage: Kaka, gari lako linajipima lenyewe. Bonyeza AUTO na kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kwa pamoja, ushikilie huku unazungusha swichi ya ufunguo hadi ON. Taa zitawakawaka, kisha zitakuja namba. 00 ni hakuna kosa, 11 sensa ya joto la ndani ya gari, 12 ya joto la nje, 13 ya evaporeta, 21 ya jua. Fanyia juani, maana kivulini 21 inaweza kutokea hata sensa ikiwa nzima.

Ila 00 isikulaze usingizi. Kompyuta inakamata waya uliokatika au kugusana. Sensa inayodanganya kidogo kidogo haiioni. Hiyo inataka mita. Chomoa plagi yake, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), tumbukiza ncha ya sensa kwenye glasi ya maji yenye barafu nyingi. Inatakiwa isome karibu kiloomu 5. Kisha ifumbate kiganjani uangalie mita: namba ishuke taratibu bila kurukaruka. Kwenye nyuzi 25 inakuwa kama 1.5. Ikisoma ndogo wakati iko kwenye barafu, kompyuta inadhani kuna joto, kompresa haipumziki. Waya ukikatika ni kinyume chake: kompyuta inadhani kumeganda, AC haishiki kabisa.

Jembe la Mtaa: Mnazunguka sana. Kuna jamaa huku kwetu anakata hiyo sensa anaweka rezista (kikinza umeme cha kipimo kimoja tu), AC inagonga kama friji ya bucha.

Dada Voltage: Rezista haijui joto. Atapata ugonjwa huu huu alionao, tena wa kudumu. Na evaporeta ikiganda, gesi inarudi kwenye kompresa ikiwa bado majimaji. Hapo kompresa atanunua kweli.

Mpita Njia: Mrejesho. Namba ilikuja 00. Fundi umeme akafungua kile kisanduku cha mbele ya abiria. Sensa tumeipima kwenye barafu, 4.8, nzima kabisa. Ila haikuwa mahali pake! Kishikizo kimevunjika, inaning'inia pembeni, haigusi mapezi. Evaporeta ilishushwa kuoshwa kwenye gereji moja kabla haya hayajaanza.

Mzee wa Spana: Waoshaji hao. Tafuta alama ya zamani kwenye mapezi, irudishe hapo hapo, ncha izame katikati. Usilazimishe, alumini yake laini na mrija wa gesi uko jirani. Kishikizo ukikosa, chukua cha evaporeta chakavu.

Mpita Njia: Imekaa. Nimeenda nayo Moro na kurudi, "tak" inasikika na upepo haujapungua. Asanteni sana.

Binti Kihonda: Samahani kudandia uzi. Yangu inaonyesha nje ni nyuzi -30, na hapa Morogoro tunaungua. Ni sensa hiyo hiyo?

Dada Voltage: Hapana mdogo wangu, yako ni ya joto la nje, inakaa mbele nyuma ya grili. Gari liligongwa au lilibadilishwa bampa? Mara nyingi plagi inaachwa bila kuchomekwa. Ukiichomeka usishangae namba ikichelewa kubadilika, endesha kwanza.

Binti Kihonda: Bampa lilibadilishwa, ndiyo. Naenda kuchungulia.